Simu Mia Moja Sabini na Mbili Zilizofutika

Kila asubuhi Consolata hukama ng'ombe, humpa mwanawe Keraryo maziwa, kisha huenda ofisi ya chama cha wafugaji, mjini Bunda. Yeye ndiye karani. Wanachama ni mia mbili na kumi na wawili. Namba zao za simu zimo kwenye kompyuta, katika jedwali liitwalo wafugaji. Siku ya chanjo ikikaribia, kompyuta huwatumia wote ujumbe.

Mwezi uliopita, wanachama arobaini walibadilisha simu. Consolata akaziandika katika jedwali la pili, mabadiliko. Kisha akaiamuru kompyuta, kwa lugha yake ya SQL, izihamishie jedwali la kwanza. Akabonyeza, akafunga ofisi, akaenda sokoni. Hakukagua. Haraka haraka haina baraka, lakini nani wa kumkumbusha?

Siku ya chanjo walikuja watu arobaini tu. Mtaalamu wa mifugo alimwaga dawa iliyobaki, maana chupa ikishafunguliwa haikai. Consolata akakimbilia kompyuta. Nafasi za simu za wengine wote zilikuwa tupu. Mwenyekiti alipouliza, akasema mtandao ulisumbua. Alidanganya huku akijua.

Alasiri alikuja Wegesa, mjane mwenye ng'ombe wawili. Hakugomba.

"Mama Keraryo, mimi nilikuwaga napata ujumbe. Safari hii nimekosa nini?"

Consolata akarudia habari za mtandao. Jioni, nyumbani, aliungama yote. Mumewe, Clementi, akamshauri aende Musoma kwa wifi yake Jenipher, anayefanya kazi ya takwimu. Kesho yake akabeba kompyuta mpaka Buhare, mtaa wa Jenipher huko Musoma.

Jenipher aliisoma ile amri taratibu.

"Wifi, uliiambia ipite kwa kila mfugaji. Asiye na simu mpya ikamwekea utupu, ikafuta ya zamani."

Aliuliza kama kuna nakala. Kumbe ilikuwepo, kwenye flashi. Wakairudisha. Jenipher akamfundisha atunze nakala kwanza, kisha atazame watakaobadilika ni wangapi. Ndipo abadilishe wale tu waliomo katika majedwali yote mawili. Awalinganishe kwa namba ya uanachama, si kwa jina, maana akina Boke na Gati ni wengi. Akaandika:

UPDATE wafugaji
SET simu = mabadiliko.simu
FROM mabadiliko
WHERE wafugaji.namba = mabadiliko.namba;

Alieleza kwamba mstari wa mwisho ndio unaochagua nani aguswe. Mfugaji asiyeandikwa katika mabadiliko anabaki na simu yake. Consolata akabonyeza mwenyewe. Waliobadilika ni arobaini. Safari hii alikagua.

"Simu zimerudi," Jenipher alisema. "Watu je?"

Consolata angeweza kunyamaza. Alitamani sana kunyamaza. Akawaandikia wote: "Mtandao haukuwa na shida. Simu zenu nilizifuta mimi kwa kukosea, kisha nikadanganya. Nisameheni. Chanjo itarudiwa Alhamisi."

Alhamisi watu walijaa na ng'ombe wao. Consolata aliandika majina bila kuinua macho. Wegesa akafika mbele yake.

"Nilidhani mmeniondoa chamani kwa sababu mume wangu amekufa," alisema. "Nilikuwa nimeshatafuta mtu wa kuwanunua ng'ombe hawa."

Consolata aliinua macho. Aliweka kalamu chini, akaenda kumshikia kamba, na ng'ombe wote wawili wakachanjwa.