Aliyeandika Kutoka Ghalani

Jioni ile Claudia alibaki ofisini kumalizia kuchapa barua za kampuni, maana umeme wa Masasi ulikuwa umekatika-katika mchana kutwa. Tangu biashara ya korosho iachiwe watu binafsi, kampuni hii mpya ilijitia uzungu kwelikweli: kompyuta tatu, nyaya ukutani, na fundi Gabriel aliyeletwa kutoka Moshi.

Kioo cha kompyuta yake kikamulika.

"Mama Winfrida. Njaa."

Juu ya maneno hayo palikuwa na jina la Ladislaus. Mumewe. Karani wa ghala, waliyemzika kijijini Mnyambe kabla ya msimu kuanza.

Alimgeukia fundi, aliyekuwa meza ya pili. "Gabriel," alinong'ona, "hii imetoka wapi? Dar?"

Gabriel alisoma, akakunja uso. "Hapana, dada. Unachanganya na lango letu la tovuti. Lile ni la kila mtu, hata mnunuzi aliyeko India analifungua akaona bei zetu. Hii ni intraneti, mtandao wa ndani wa wafanyakazi tu. Waya wake hauvuki ukuta wa kampuni. Anayeandika yumo humuhumu."

"Humu wapi?"

"Kompyuta ya tatu iko... ghalani."

Ghala lilikuwa limefungwa tangu adhuhuri, na ufunguo alikuwa nao tajiri, mwenye kampuni.

Dirishani ikaingia harufu ya pumba zilizolowa. Claudia akaelewa. Kwao Newala nani asiyejua habari za ndondocha? Mnalia, mnazika, kumbe mwenyewe kafichwa na wachawi, kakatwa ulimi asiseme, analishwa pumba na kufanyishwa kazi. Ladislaus hakuwa na ulimi tena. Lakini vidole alikuwa navyo.

Akaandika huku machozi yakimbubujika: "Nikutoe vipi, mume wangu?"

"Nitatoka leo. Njoo mlangoni peke yako."

"Nakuja!"

"Ila kuna jambo usilifanye."

Kisha maneno yakakatika.

Claudia aligeuka. Gabriel alikuwa kwenye kompyuta yake, jasho linamtoka. "Nimelifuta jina lake, dada. Lilipaswa kufutwa alipofariki. Kuna mhuni analitumia kukuchezea."

"Lirudishe! Gabriel, nakupigia magoti, lirudishe!"

"Siwezi. Kufuta naruhusiwa. Humu anaingia aliyeandikishwa tu, na anayeandikisha ni tajiri mwenyewe."

Claudia alitoka mbio hadi ghalani. Kufuli lilikuwa wazi. Ndani, gizani, vibonyezo vya kompyuta vilikuwa vinagongwa... vinagongwa... kwa haraka ya mtu anayeomba. Ladislaus alikuwa anamwandikia lile jambo, na maneno hayafiki popote.

Hakuweza kuvumilia.

"Baba Winfrida?"

Vibonyezo vikanyamaza.

Gabriel alipofika na tochi, ghalani hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa bado kina joto. Mpaka leo Claudia hajui kosa lake lilikuwa kumwita, au kufika pale mlangoni kabla ya kulijua lile jambo.