Jua la Juni Halikai kwenye Friza

Mwezi wa Juni, watu wa mji wa Oulu, kaskazini mwa Finland, hawalali, maana jua karibu halizami. Ndivyo Veikko alivyopenda kusema, na wa kwanza kutolala alikuwa yeye mwenyewe. Saa tano za usiku utamkuta juu ya ngazi anapaka rangi ukuta wa nyumba, jua linampiga usoni. Saa sita yuko uani, anachoma soseji.

"Veikko, njoo ulale bwana!" mkewe Tuula anamwita dirishani.

"Nilale na jua hili? Dhambi hiyo! Jua la Juni ni la kuweka akiba, mke wangu. Sasa tunalijaza mwilini, wakati wa baridi tunalitumia. Kama yale matunda ya porini uliyoweka kwenye friza."

Tuula alikuwa akicheka tu. Baba yake Veikko alisema hivyohivyo, na babu yake pia. Mtaa mzima ulisema hivyo. Nani angebisha?

Lakini Juni ikiisha, siku huanza kufupika. Kidogo kidogo, bila kelele. Mwezi wa Agosti taa zinawashwa tena jioni. Oktoba watu wanakwenda kazini gizani. Ikifika Desemba, jua linatoka saa nne na nusu asubuhi, na saa nane mchana limeshakwenda zake.

Na Desemba ndipo kazi ya Veikko inapopamba moto. Veikko ni dereva wa katapila la kusukuma theluji. Anatoka nyumbani usiku, ili watu wakiamka wakute barabara zinapitika. Saa tano asubuhi anamaliza.

Ile akiba ya jua sasa haikuonekana. Mwanamume mzima akawa gogo. Akirudi kutoka kazini anafunga mapazia, anajitupa kwenye kochi, analala mpaka giza lirudi. Jioni, wakati wa kulala ukifika, macho makavu! Anakaa mbele ya televisheni mpaka saa ya kazi. Siku za mapumziko ndiyo usiseme. Analala usingizi wa pono, hata kahawa haimwamshi.

"Nenda kamwone daktari," Tuula alimwambia.

"Daktari wa nini? Ni giza tu. Sisi watu wa kaskazini tumezoea."

Tuula hakuzoea. Kila alfajiri alikuwa macho kitandani, masikio yako nje, akisubiri katapila lipite barabara yao. Likinguruma na kupita, alishusha pumzi. Mume wangu mzima, alijiambia, na hajaua mtoto wa mtu.

Asubuhi moja halikupita. Simu ndiyo iliyolia.

"Tuula," Veikko alisema. "Nimeangusha uzio wa shule ya chekechea."

"Mungu wangu! Watoto?"

"Walikuwa hawajafika. Hakuna aliyeumia. Nilifumba macho kidogo tu, Tuula. Kidogo tu! Nilipofumbua, uzio uko chini ya magurudumu."

Bosi wake hakuzunguka. Alimwambia, "Veikko, ukisinzia tena, utashuka kwenye mashine hiyo na hutaipanda tena."

Siku ile Tuula alikuwa anaandaa paja la nguruwe la Krismasi. Alichomeka karafuu kwenye nyama, mkono mmoja unafanya kazi na mwingine unafuta machozi. Jirani yao Sirkka, nesi mstaafu, alikuja kuomba maziwa. Akamkuta Tuula analia, na Veikko ameketi kichwa chini.

Tuula alimweleza yote, na habari ya akiba ya jua pia.

"Akiba!" Sirkka alisema. "Na wewe Veikko, mtu mzima na mvi zako! Nipe kiazi. Nipe na sindano ya kufumia."

Alipitisha sindano katikati ya kiazi. Akachomeka karafuu moja karibu na juu.

"Kiazi hiki ni dunia. Karafuu ni Oulu. Taa ya mezani ni jua. Haya, tazameni. Dunia haikusimama wima, imeinama hivi. Inajizungusha yenyewe, tunapata usiku na mchana. Lakini pia inalizunguka jua, mwaka mzima."

Alikizungusha kiazi polepole, sindano imeinamia upande wa taa. Karafuu ilikaa kwenye mwanga karibu muda wote.

"Juni," alisema Veikko.

"Eeh, akili imo. Sasa naihamishia dunia upande wa pili wa taa, bila kugeuza sindano." Kiazi kilizunguka tena. Karafuu ilichungulia mwanga kidogo tu, ikazama kivulini.

"Desemba," Tuula alisema taratibu. "Tumelipa jua mgongo."

"Ndiyo hivyo. Na mwili una saa yake ndani. Mwanga ukiingia machoni asubuhi, saa hiyo inajua ni wakati wa kuamka. Giza likiingia, inajua ni wakati wa kulala. Mwanga wa Juni mwili hauuhifadhi, Veikko. Kila siku unataka mwanga wa siku hiyo. Na wewe, ule mchache tuliopewa, unaufungia pazia!"

"Kwa hiyo babu yangu alikuwa mwongo?"

"Babu yako aliendesha farasi. Alisinzia, farasi akamrudisha nyumbani. Katapila lako linajua njia ya nyumbani?"

Veikko alitaka kucheka, ikashindikana. "Nifanye nini, Sirkka? Wale watoto... wangekuwa wameshafika..."

"Ukitoka kazini, usiguse kochi. Tembea nje kabla jua halijazama, hata kama kuna mawingu. Kunywa kahawa yako ya kuamkia mbele ya taa maalumu yenye mwanga mkali, ila usiikodolee macho. Jioni uzime televisheni, ulale saa ileile kila siku, hata siku ya mapumziko. Na umwone daktari. Mtu anayesinzia kwenye usukani hatibiwi na jirani tu."

Veikko alinung'unika, lakini alikwenda. Daktari alimpima, akamwambia afuate maneno ya Sirkka. Wiki ya kwanza Tuula alimvuta nje kama mzigo. Wiki ya tatu Veikko ndiye aliyekuwa mlangoni na viatu miguuni, anauliza, "Mbona unachelewa?"

Juni ilipofika, saa nne za usiku, alitundika pazia zito jeusi chumbani. Jirani wa ng'ambo alikuwa anakata nyasi.

"Veikko! Unalala na jua hili? Unaumwa?"

"Naumwa usingizi! Usiku mwema!" Akavuta pazia.

Desemba ikarudi, na theluji yake. Asubuhi moja Tuula aliamka, akashtuka. Saa moja! Na hakusikia katapila. Alikimbilia dirishani.

Barabara ilikuwa safi. Theluji imelundikwa pembeni vizuri, mpaka kwenye kona. Veikko alishapita, na yeye Tuula alikuwa amelala fofofo.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akalia kidogo, kisha akaenda kuchemsha kahawa.

Saa tano Veikko aliingia, mashavu mekundu kwa baridi.

"Leo sikukusikia ukipita," Tuula alimwambia.

Veikko alimtazama. Alijua miaka yote ile mkewe alikuwa anasikiliza nini.

"Nilipita," alisema. "Haya, vaa viatu twende. Jua limetoka."