Duara la Kijani

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alipitia kwenye studio ya picha ya shangazi yake. Alifagia vipande vya karatasi chini ya meza ya kukatia, akafuta vumbi kwenye kiti ambacho wateja huketi wakiwa wamekunja sura kana kwamba wanasubiri sindano, kisha akakaa pembeni na kuongea. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi ndiye aliyemlea tangu utotoni, na alikwisha kuzoea kufanya kazi huku kelele hizo zikiendelea.

Wiki ile, hata hivyo, studio ilijaa huzuni. Jirani yao, rafiki mkubwa wa shangazi, alikuwa amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, akaacha mtoto mchanga. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Aliporudi alikuta mkewe ameshazikwa. Simu yake ilikuwa ya vitufe, haina hata kamera, kwa hiyo hakuwa na picha yoyote ya mkewe. Picha zilizokuwepo ni zile ambazo shangazi alimpiga akiwa na mtoto, nazo zilikuwa ndani ya kompyuta ya studio tu.

"Shemeji, nitengenezee moja kubwa," dereva alimwambia shangazi, akiwa amesimama mlangoni kama mtu aliyesahau jinsi ya kuketi. "Mtoto hatamkumbuka mama yake. Nataka angalau aijue sura."

"Nitaitafutia fremu nzuri kuliko zote," shangazi akajibu huku machozi yakimlengalenga.

Kompyuta ile ilikuwa na mlinzi wake. Mwalimu wa kompyuta wa shule ya akina Chiriku alikuwa ameweka kwenye kivinjari cha kufungulia intaneti programu ndogo iliyoonyesha duara mbele ya jina la kila tovuti. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, na nyekundu maana yake mlango umefungwa. Ubofye usibofye, huingii. Rangi hizo zilitokana na maoni ya watumiaji wenyewe. Programu hiyo hiyo ilikuwa kwenye kompyuta za shule, na kando ya kila duara palikuwa na kitufe kilichoandikwa "Toa sifa".

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyowaponza. Kwa wanafunzi wale, kutoa sifa ni kusifu tu, basi. Mwezi uliotangulia, mvulana mmoja wa darasani aliyeitwa Mapengo alikuwa amegundua tovuti ya Kiswahili iliyojitangaza kuwa imejaa michezo na mapambo ya picha ya bure. Ubaya ni kwamba ilikuwa nyekundu. Tovuti za Kiingereza hupimwa na maelfu ya watu, lakini hii ilikuwa imepimwa na watu wa kuhesabika kwa vidole, hivyo darasa moja lingetosha kuigeuza rangi.

"Tuimwagie sifa," Mapengo alisema. "Itafunguka yenyewe."

Chiriku, kwa mdomo wake ule, alizunguka darasa zima akihamasisha. Kila mmoja alibofya nyota zote. Chiriku akaenda mbali zaidi, akaandika: "Tovuti nzuri sana. Ni salama, nimeitumia mwenyewe." Hakuwa ameitumia hata mara moja. Baada ya siku chache duara likawa kijani, na darasa zima likashangilia. Kompyuta za shule hujisafisha kila zinapozimwa, kwa hiyo hakuna aliyeona madhara yoyote.

Sasa, alasiri moja ya wiki hiyo ya msiba, Chiriku aliinua macho na kuiona tovuti ile ile kwenye kompyuta ya shangazi.

"Njoo uone fremu hizi," shangazi alisema. "Za bure, na duara ni kijani. Kuna hata mtu ameandika kwamba ameitumia, ni salama."

Chiriku aliyatambua maneno yake mwenyewe. Angeweza kusema neno moja tu. Lakini neno hilo lingeleta maswali, na maswali yangefika kwa mwalimu. Akajiambia kwamba huenda haina ubaya, tena duara lenyewe ni kijani. Akanyamaza, akatazama fremu zikipakuliwa.

Asubuhi iliyofuata hakuna picha iliyokubali kufunguka. Za harusi, za mahafali, za watoto wa jirani, zote zilikuwa zimegeuzwa majina, na kila shangazi alipobofya moja, ulitokea ujumbe wa wahalifu kwamba imefungwa mpaka walipwe. Shangazi akamwita mwalimu.

Mwalimu alikagua mchana kutwa. Aliuliza kuhusu kila kitu kilichoingizwa kwenye kompyuta, na shangazi akamtajia flashi ambazo wateja huleta picha zao, barua pepe, na zile fremu.

"Hizo fremu ulizitoa wapi?"

"Kwenye tovuti yenye duara la kijani."

"Basi hiyo tuiache," mwalimu alisema, akaendelea kuhangaika na flashi. Mwishowe alivua miwani. "Dada, sijajua kirusi hiki kimepitia wapi, wala ni cha aina gani. Nisichokijua siwezi kukitibu. Itabidi nifute kila kitu, tuanze upya."

Shangazi aliketi kwenye kiti cha wateja. "Nitamwambia nini shemeji?" aliuliza, bila kumwangalia mtu. Kisha akasema, "Haya, futa."

Chiriku alikuwa ameegemea ukuta. "Mwalimu, usifute!" alisema. "Ni ile ya kijani. Ilikuwa nyekundu. Sisi ndio tuliigeuza kwa kuimwagia sifa. Na yale maneno kwamba ni salama... niliyaandika mimi."

Shangazi aligeuka taratibu. "Ulikuwa umekaa hapa hapa. Uliniona nikiifungua."

"Ndiyo, shangazi."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa."

Shangazi alitoka nje, akasimama barazani akiwa amewapa mgongo. Chiriku alitamani angalau agombezwe.

Mwalimu alivuta kiti akaanza upya. Alipoipata faili yenyewe ya fremu, aliitambua aina ya kirusi. Wataalamu walikwisha kukitengenezea dawa, ila dawa hiyo haikuponya kila kitu. Jua lilipokuwa likizama, picha nyingi za studio zilikuwa zimerudi, na nyingine zimekufa kabisa. Za jirani yao ilirudi moja tu, tena si nzima. Uso ulionekana vizuri, anatabasamu, kichwa kimeinama kidogo. Kuanzia kifuani kwenda chini kulikuwa na kijivu kitupu.

Siku ya pili mwalimu alilisimamisha darasa mbele ya kompyuta.

"Mimi mwenyewe nililiamini duara lenu, na nusura nifute picha zote za watu," alisema. "Sifa ya tovuti si kuisifu kama mnavyosifu timu yenu. Ni kueleza tabia yake ilivyo, nzuri au mbaya. Ni ushahidi. Aliyeshuhudia asichokiona tunamwitaje?"

"Mwongo," wachache walijibu kwa sauti ya chini. Hata Mapengo hakucheka. Mmoja mmoja walifuta nyota zao, na Chiriku akaandika kilichotokea kwa kweli. Duara lilirudi kuwa jekundu.

Dereva alipokuja kuchukua picha, shangazi alimpa Chiriku ile picha mkononi. "Utampa wewe, na utamweleza wewe."

Chiriku alimwamkia, akaeleza yote bila kujitetea. Dereva alisikiliza huku akipitisha kidole gumba juu ya ile sehemu ya kijivu.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Mtoto, mjomba. Alikuwa amembeba."

Dereva aliinua macho kutoka kwenye picha. "Kama usingesema, nisingepata hata hii," alisema. "Sura nimeipata, ahsante. Lakini mwanangu akija kuniuliza kama mama yake aliwahi kumbeba, sina cha kumwonyesha. Itabidi aniamini kwa maneno tu."

Alifunga picha kwenye kitambaa, akaaga na kuondoka. Shangazi alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea mtaani.

"Umemsikia?" alimwambia Chiriku. "Mtoto yule atayaamini maneno ya baba yake, kama mimi nilivyoyaamini yako bila kujua ni yako. Watu watakaokuamini hutawaona wote, na wengi hutawajua kamwe. Kwa hiyo usichokijua, sema hukijui. Na unachokijua, usikinyamazie, hata kama kitakuumbua."

Chiriku aliinamisha kichwa akalia, na shangazi akamwacha alie.