Nani Alichukua Kengele ya Shule?

Jumatatu, saa moja kasoro asubuhi, Mwalimu Ursula alifika shuleni, nje kidogo ya Mkula, akakuta kengele haipo. Ringi la gari, lililoita watoto darasani miaka yote, lilikuwa limeondolewa mtini.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Venance, hakuchelewa kupata mwizi. Ni mlinzi, Masalu, kijana wa Kisukuma. Bila shaka ameliuza kama chuma chakavu. Lisipopatikana kabla ya mkutano wa wazazi Jumatano, kazi hana.

Ursula alikasirika, ila alianza na mti. Waya haukukatwa. Ulifunguliwa taratibu, ukakunjwa, ukatundikwa tawini, na nondo ya kugongea iliachwa chini. Mwuza vyuma gani anaacha nondo? Huyu alikusudia kulirudisha.

Masalu alimweleza kuwa Jumamosi waliingia wanakamati tu, kupima msingi wa choo.

“Hao siwakagui, mwalimu. Ndio walioniajiri.”

Darasa la nne lilikuwa nusu tupu. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na kila mwaka msimu huu watoto hupelekwa kuamia ndege wasiule, wakigonga madebe kutwa nzima. Ursula akajiuliza nani angetaka kelele kuliko debe.

Jumanne baada ya vipindi aliteremka mashambani. Alilisikia ringi kabla ya kuliona. Juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba, alisimama Sada, binti wa Venance, mwanafunzi wake, akiligonga kwa jiwe.

“Shikamoo, mwalimu,” akasema, macho chini.

Siku ya mkutano Ursula hakuzunguka.

“Mwenyekiti, ringi liko shambani kwako.”

Venance akainuka. “Nililiazima. Madebe ndege wameshayazoea. Ningesema ukweli, mngeuliza nani analigonga, na kwa nini mtoto hayuko darasani. Nikaona aibu, nikamtupia Masalu.”

“Na ninyi wengine?” Ursula aliwageukia wazazi. “Lililia siku zote hizi. Hamkulisikia?”

Bernadeta, jirani wa shamba lile, akasimama. “Tulilisikia. Ndege walihama hata kwangu, nikakaa kimya. Na wanangu nao walikuwa shamba.”

Hapo kila mmoja akakiri la kwake. Wakakubaliana ringi lirudi mtini, watu wazima waamie kwa zamu, watoto warudi darasani. Ursula alifurahi waziwazi. Venance akamwomba Masalu radhi mbele ya wote.

“Yaishe, mzee,” Masalu akasema. “Kesho Sada aje shule. Ndege niachie mimi, ila chakula cha mchana ni juu yako.”