Kidonda cha Fundi Cherehani

Fundi cherehani alishinda kitini akishona sare za shule na kupunguza suruali za watu. Alikalia mto wenye tundu katikati, aliojishonea mwenyewe. Wateja walipouliza, alisema mgongo unamsumbua. Kumbe alikuwa na kidonda juu kidogo ya mahali makalio yanapogawanyika. Kilianza ujanani kama kijipu. Kikapasuka, kikafunga, kikapasuka tena, hadi akakizoea kama mpangaji asiyetaka kuhama. Hakumwonyesha mtu, maana aliona haya.

Mwaka huu kilianza kutoa damu na harufu. Mkewe, aliyefua suruali zake, alishindwa kuvumilia.

"Baba watoto, leo nitakitazama."

"Cha nini? Nakijua. Ni kilekile."

"Unakijuaje, na macho yako yako mbele?"

Miaka yote hiyo fundi alikijua kwa vidole tu. Akalala kifudifudi, uso kwenye mto. Mkewe alitazama kwa muda mrefu.

"Kimeota nyama," alisema. "Kingo zake zimeinuka, tena ngumu."

Wakaenda kwa jirani yao muuguzi. Alivaa glavu, akatazama bila kucheka.

"Hapa nywele hupenya ndani ya ngozi," alisema. "Hufanya kishimo kinachotunga usaha kila mara. Kwa watu wengi si saratani, na kinatibika. Ila kikiachwa miaka mingi, mara chache sana hugeuka saratani ya ngozi. Kikikua, kikitoa damu, kikiota nyama ngumu, usingoje. Nenda kwa daktari wa upasuaji, akate kipande kikapimwe."

"Na ikiwa ndiyo yenyewe?"

"Bora ujue sasa, shemeji, kuliko mwakani."

Kipande kilipopimwa hospitalini, ilikuwa ndiyo yenyewe. Fundi aliogopa sana, akalia mbele ya mkewe. Kwa bahati ilikuwa haijasambaa. Madaktari waliikata yote, na jeraha likachukua miezi kupona. Mpaka leo anarudi kliniki kuchunguzwa.

Siku moja dereva wa lori alileta suruali.

"Vipi mgongo, fundi?"

"Haukuwa mgongo, ndugu yangu. Nilikuwa na kidonda makalioni. Nilikificha mpaka kikawa saratani."

Dereva hakucheka. Aliikunja suruali, akaikunjua, akaikunja tena.

"Fundi," aliuliza kwa sauti ya chini, "wewe ulianzia kwa nani?"

Fundi aliweka mkasi mezani, akachukua funguo za duka.

"Kwa jirani yangu muuguzi. Twende nikupeleke."