Kicheko cha Dada

Mimi mtu akiniletea habari za uchawi huwa namwambia akalale. Kwa hiyo msinichoshe kwa maswali. Nasema nilichokisikia kwa masikio yangu, na kilichompata dada yangu wa tumbo moja.

Dada alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na mtaa mzima ulimjua kwa kicheko. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikamalizikia kwa kwikwi mbili ndogo. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa shoga yake wa kufa na kuzikana. Mume wa huyo shoga alikuwa hasemi tangu mwaka uliopita. Kiharusi, shoga alituambia, kilimkuta kazini. Mkewe akiwa zamu kazini, dada ndiye aliyekuwa akimlisha uji.

Shoga ndiye aliyetualika kwenye hifadhi ya msitu.

"Twende tukajifunze ndege na miti, shoga yangu, upate cha kuwafundisha watoto wako. Hata mimi sijawahi kufika."

Njiani alikuwa na vituko balaa. Dada alicheka mpaka machozi, na shoga kashika simu, anarekodi. Ukumbusho, alisema.

Langoni mwongozaji wetu, mzee wa maneno machache, alimkazia shoga macho. "Mama, umerudi? Mzee wako ameanza kusema?"

"Umenifananisha," shoga akajibu, akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Mzee alibeba spika ndogo. Akibonyeza, inalia sauti ya ndege. Punde ndege mwenyewe anaitika huko juu, anasogea, anasogea, mpaka unamwona. Dada alifurahi kama mtoto. Kisha mzee akashusha sauti.

"Sharti ni moja. Hapa tunaita ndege tu. Sauti ya mtu haichezwi."

"Kwa nini?" dada aliuliza.

"Kuna anayeifuata."

Tukaingia ndani zaidi. Ulikuwa mchana, lakini majani yalifunga juu na jua likabaki huko huko. Shoga akaanza kubaki nyuma, eti kiatu kinambana.

Ndipo nikasikia dada anacheka nyuma yetu.

Nikageuka. Dada alikuwa ubavuni mwangu, mdomo kaufunga. Kicheko kilitoka kwenye simu ya shoga, kaiinua juu kwa mikono miwili.

"Zima hiyo," mzee alinong'ona. Hakuzima.

Ndege wakanyamaza. Kicheko kikaitikiwa kutoka mbele, mbali. Kwikwi mbili. Kikaitikiwa tena, karibu. Jani halikutikisika. Kisha kikaitikiwa katikati yetu, pale pale, usawa wa shingo ya dada.

Dada akanishika mkono. Akafungua mdomo. Ilitoka hewa tu.

Hospitali walisema koo ni zima. Ualimu ukaishia hapo, maana nani atafundisha watoto kusoma bila sauti? Shoga alikuja na matunda, akalia kuliko sisi wenye mgonjwa. Nilitaka kumtoa mlangoni na matunda yake. Dada akanizuia kwa mkono, akamfuta machozi kwa upande wa kanga yake. Hakutaka kuamini. Mimi niliamini, na iliniuma kuliko kama angetuibia nyumba nzima.

Jioni ile tulikuwa tunakula. Upande wa pili wa ukuta ikasikika sauti ya mwanamume, nzito, ya kukwaruza, ikiomba chumvi. Dada akaacha kutafuna. Tukamsikia shoga akimtania mumewe kwamba mwaka mzima alimpikia bila chumvi na hakulalamika. Mume akacheka.

Kilianzia tumboni. Kikapanda. Dada aliweka kijiko chini, akashika koo lake, akasubiri. Zikaja kwikwi mbili ndogo.

Kule ng'ambo shoga hakucheka naye. Nilisikia kiti kikisogezwa taratibu, mbali na meza.