Kibao Kisicho na Kijiti

Fremu ya nyuma ya mtambo wa kufumia ilipanda bila kuamriwa. Ilijiinua taratibu, kama mtu anayetoka kitandani hataki kumwamsha mwenzake, na nyuzi zake zikapanda nayo. Mke, aliyekuwa mlangoni na ufagio, aliiona kabla ya mumewe.

"Fundi," alisema, maana hata nyumbani alimwita hivyo, "hiyo umeiinua wewe?"

Kwa miaka yote ya ndoa yao, kuinua fremu za mtambo ule ilikuwa kazi ya mke. Fundi anaita, yeye anavuta kamba, na akikosea anaitwa kichwa maji. Mwishowe Fundi akaamua kujiundia mashine: mnyororo wa vibao unaozunguka juu ya mtambo, kila kibao na matundu yake. Tundu lenye kijiti linainua fremu yake, tundu tupu linaiacha chini. Mashine haipigi soga, alisema, wala haikimbilii jikoni kutazama chungu. Ila mnyororo ulitoka mfupi, haukutosha kuzunguka gurudumu, na Fundi kwa uvivu wake akachomeka kibao kimoja kisicho na kijiti hata kimoja, cha kuzibia pengo. Hicho kilipaswa kupita bila kuinua chochote. Na hicho ndicho kilichokuwa juu ya gurudumu sasa.

"Labda kimekwama," mke alisema.

"Labda kimekwama!" Fundi alimwigiza, akapitisha uzi mweupe chini ya nyuzi zilizopanda, akaubana.

Palepale mke akashika kisogo. Kitu kilikuwa kimemng'oa unywele. Na kwenye nguo, pale ulipopita uzi mweupe, palilala mstari mweusi, mwembamba, unaong'aa.

Ilikuwa nguo nzuri, tusidanganyane. Mwenye duka la mapazia alipoishika alisahau hata kusalimia.

"Weusi huu umeutoa wapi, Fundi?"

"Siri ya kazi," Fundi alijibu bila haya, na mkewe amesimama pale pale na kitambaa kichwani. Likaagizwa pazia la ukumbi mzima.

Tangu hapo mke hakuwa na raha. Alikuwa jikoni mchana kweupe, redio ya jirani ikiimba, na kila kibao kile kilipofika juu mtambo ulinyamaza pale ulipopaswa kugonga, kisha mtu akavuta pumzi, na mtu huyo hakuwa Fundi, kwa kuwa Fundi ana mafua ya kudumu na pumzi zake hupiga mluzi, na hii ilikuwa pumzi safi, ndefu, ya mtu aliyenusa chakula baada ya njaa kubwa, halafu harufu ya nywele zilizoungua ikapenya chini ya mlango, na vidole, aliviona kabisa kuwa ni vidole, vyembamba, visivyo na haraka, vikaanza kuchambua kichwani mwake, vikiruka unywele uliokatika, vikiruka mfupi, mpaka vikapata mrefu.

"Kitoe kile kibao," alinong'ona. "Nakuomba, mume wangu."

"Pazia likiisha."

"Nywele zitaisha kwanza."

"Nywele huota, mke wangu. Wateja hawaoti."

Ziliisha kweli. Zilipokwisha za kichwani zikafuata nyusi. Ndipo mke alipomleta mganga, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Aliingia na chetezo chake, akakataa kiti, akautazama mnyororo kwa muda mrefu.

"Nani aliweka hicho?"

"Mimi," Fundi alisema.

"Vibao vingine umevipa amri. Hiki umekiacha hivi hivi, akapita jini mwenye njaa ya kazi akakikalia." Alishusha sauti. "Si mkaidi. Ni kibarua tu. Mwambie huna kazi naye, ukikate kibao kwa mkono wako, atatoka. Mimi siwezi kumwachisha kazi mtu nisiyemwajiri. Ni wewe tu."

Mke akamtia mumewe kisu mkononi. Moshi wa ubani uliinuka, ukaukwepa mtambo, na kutoka kati ya vibao ikaja sauti ya adabu kabisa, kama ya mtu anayebisha hodi kuomba ujira:

"Bosi, nyeusi imekwisha."

"Mfukuze," mganga alinong'ona. "Sasa hivi."

Fundi alimtazama mkewe. Alikitazama kichwa kile kitupu, na macho yasiyo na nyusi, na mke akaona kwamba ameonwa, akafurahi mpaka machozi yakamlenga, kwa kuwa kumbe bado alikuwa na mume. Kisha Fundi akalitazama pazia. Lilikuwa limebaki kipande kidogo tu kumalizika. Akakiweka kisu juu ya benchi.

"Rangi gani nyingine unayo?" aliuliza.

"Nyekundu ipo. Nyingi tu."

Mganga akabeba chetezo chake akatoka bila kuaga. Mke akataka kumfuata, lakini nywele zake zote zilikuwa zimefumwa ndani ya pazia lile, na alipopiga hatua moja kichwa kile kitupu kikavutwa nyuma, kana kwamba nywele bado zimekishika, kama cha mbuzi aliyefungwa kamba. Akamwita mumewe kwa jina alilomwita siku za uchumba. Fundi alikwisha kaa kwenye benchi lake, mguu juu ya kanyagio, amekunja uso kama mtu anayeijali kazi yake.

"Isikolee sana," alisema. "Ni pazia la ukumbini."